Merrivale, Dartmoor: namna ya kuyaona mawe ya kale usiyapite

Wengi wanaokwenda Merrivale, kwenye nyika ya Dartmoor huko Uingereza, kuona safu za mawe ya kale hurudi wamenuna, kwa sababu walitazamia kitu kama Stonehenge, lile duara maarufu la mawe makubwa. Mawe ya hapa ni mafupi. Mengi hayafiki gotini, na kiangazi nyasi huyafunika nusu. Ukienda saa saba mchana, utaona kondoo tu. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini: kila jiwe linatupa kivuli kirefu, na safu nzima inajichora ardhini.

Mahali penyewe ni kusini mwa barabara ya B3357, kati ya Tavistock na Two Bridges, katika Devon. Egesha gari Four Winds, penye miti na ukuta wa mawe. Zamani palikuwa na shule. Kutoka hapo tembea kuelekea magharibi, barabara ikiwa mkono wako wa kulia, mpaka ukute mfereji mwembamba wa maji. Huo ndio alama yako, kwani unapita katikati ya safu mbili kuu.

Kila safu ni ya mawe yaliyosimikwa mawili mawili, kutoka mashariki kwenda magharibi. Ya kaskazini ina urefu wa mita 180 hivi, ya kusini inazidi 250. Anzia ncha ya mashariki. Huko mwanzo wa safu unaonekana wazi, umezibwa kwa jiwe pana, na macho yakishauzoea mstari hayaupotezi tena. Aliyeingilia katikati huzunguka akihesabu mawe ya kawaida ya mlimani.

Fuata safu ya kusini. Katikati yake kuna duara dogo la mawe, mabaki ya kaburi. Pembeni, upande wa kusini, tafuta kaburi jingine lililojengwa kama sanduku la itale. Kifuniko chake kimekatwa katikati: mchonga mawe wa karne ya 19 alijichongea hapo nguzo ya geti! Kisha shuka kusini-magharibi hadi kwenye duara la mawe mafupi na jiwe refu la mita 3 hivi lililosimama peke yake. Yote haya ni ya Zama za Bronzi, miaka 3,000 na zaidi iliyopita. Usiyapande wala kuyasogeza, yanalindwa kisheria.

Ukirudi mashariki utakutana na nguzo fupi zenye herufi T upande mmoja na A upande wa pili. Hizo si za kale kiasi hicho. Ziliwekwa kuwaongoza wasafiri kati ya Tavistock na Ashburton kabla ya barabara.

Mwenye nguvu bado, arudi Four Winds ashike njia ya kusini hadi machimbo ya mawe ya Foggintor, kisha afuate tuta la reli ya Princetown, iliyofungwa mwaka 1956, kuzunguka kilima cha King's Tor. Kwenye machimbo ya Swelltor, kando ya tuta, yamelala mawe yaliyochongwa kwa ustadi kwa ajili ya kupanua daraja la London Bridge mwanzoni mwa karne ya 20, yasichukuliwe. Kwangu hayo yanashinda machimbo yenyewe. Kwenda na kurudi, pamoja na safu, tenga saa nne.

Hatari kubwa ni ukungu, ambao hushuka ndani ya dakika chache. Simu isiwe tegemeo lako. Chukua dira na ramani ya OL28, yaani ramani ya Dartmoor ya Ordnance Survey. Ukungu ukikukuta kwenye safu, elekea kaskazini moja kwa moja na utagonga barabara. Ukikukuta reli, usikate njia za mkato, rudi kwa tuta lilelile. Majani ya kijani kinachong'aa kupita kiasi ni kinamasi, kwa hiyo zunguka. Kaskazini mwa barabara kuna eneo la mazoezi ya jeshi lenye nguzo nyekundu na nyeupe. Bendera nyekundu ikipeperushwa, usivuke.

Vaa buti zinazofunika kifundo na suruali ndefu, hata kukiwa na joto, kwa sababu ya kupe. Jikague jioni, hasa nyuma ya magoti. Kupe akishang'ata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma.