Kuufuata Mto Pangani kwa Kamera: Ushauri kwa Anayeanza Filamu ya Majaribio

Mara ya kwanza nilipoufuata Mto Pangani nilirudi na picha nyingi za kupendeza, lakini filamu haikuwapo. Nilikuwa nimepiga kila kilichonivutia, kuanzia theluji ya Kibo hadi mashamba ya katani na machweo ya Pangani mjini, na nilipoketi kuhariri nikagundua kwamba mto wenyewe haumo. Safari ya pili nilijiwekea sharti moja, nalo ndilo ninalokushauri uanze nalo: katika kila kituo kamera ikae kimo cha kiganja kimoja juu ya maji, itazame maji yanakokwenda, na ipige dakika tatu bila kuguswa. Simu yenye stendi imara inatosha.

Mto huu wa takriban kilomita 500 hauna chanzo kimoja, kwa hiyo usipoteze siku ukikitafuta. Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu huja na maji ya mashariki ya Kilimanjaro na ya Ziwa Jipe, na mito hiyo miwili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Mimi nilianzia Chemka, ambako maji ni maangavu kiasi kwamba kamera iliona mchanga ukichezacheza katika jicho la chemchemi. Hale mambo yalikuwa mengine kabisa: kwa kuwa maji mengi huchepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme ya megawati 21, dakika zangu tatu zilijaa miamba mikavu. Usizikate. (Mitambo yenyewe usiipige bila kibali cha maandishi.)

Ukiwa na mkanda wa milimita 16, uache mto nao uuguse. Nilifunga vipande vya mkanda uliokwisha kusafishwa, yaani uliokwisha kutolewa picha kwa dawa, ndani ya chandarua, nikavizamisha usiku mmoja katika kila kituo, kwa maana jelatini inayobeba picha hulainika majini na vijidudu huila. Kipande cha Korogwe kilitoka na mikwaruzo ya tope, na cha Pangani, kilipokauka, kilikuwa na chembe za chumvi zilizoota juu ya uso wa mtu. Waulize wavuvi mahali pa kufunga, kwani mamba wapo, na uhakikishe kila kipande ulichozamisha umekitoa.

Mkanda mpya wa rangi nyeusi na nyeupe unaweza kuusafisha kwa kahawa: katika lita moja ya maji tia gramu 54 za sodiamu kaboneti, yaani soda ya kufulia wala si ya kuokea, gramu 16 za vitamini C ya unga na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka, kisha uuache dakika 15 katika nyuzijoto 20. Kwa joto la Tanga utahitaji ndoo ya barafu. Nilitamani sana kutumia kahawa ya Kilimanjaro, inayokunywa maji ya mto huuhuu, lakini picha zilififia. Hiyo ni arabika; kahawa ya aina ya robusta ina nguvu zaidi. Dawa ya kugandisha picha usiimwage mtoni, kwa sababu hubeba fedha iliyotoka kwenye mkanda.

Mwisho wa safari uupange kwa kufuata mwezi wa angani, ufike Pangani wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapojaa na kupwa zaidi. Nilikuwa nimetega kamera upande wa Bweni, ng'ambo ya mto, ikitazama baharini kama sharti lilivyotaka, mzee mmoja mwenye ngalawa akaniambia, "Mwanangu, umeielekeza siko, maji sasa yanapanda." Sikuigeuza. Katika dakika hizo tatu majani ya mikoko na kumbi la nazi yanaijia lenzi kutoka baharini, yanaipita polepole, na kuendelea juu kuelekea bara.