Kumhamisha mama mwenye presha kutoka Jangwani

Pole na mawazo, dada. Umeuliza kama kuhama Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi hapa Dar es Salaam, baada ya kulipwa fidia ya nyumba kutamfaa mama yako mwenye presha, au kutamzidishia ugonjwa. Mimi nasema bondeni atoke. Maji ya mafuriko yanachanganyika na ya vyooni, na kipindupindu hakichagui.

Ila waliopelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walitoka jirani na Kariakoo na Muhimbili, wakajikuta mbali na riziki na mbali na kliniki. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Vidonge vya presha alizoea kuvifuata kwa miguu. Alipohama ikawa nauli kwenda na kurudi, akaanza kumeza leo, kesho anaruka. Hatukugundua hadi mkono wa kushoto ulipokufa ganzi.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta kiwanja, tafuta zahanati. Nenda mwenyewe ukaulize dirishani kama dawa anayotumia mama ipo. Ahame na kadi yake ya kliniki na dawa za kutosha miezi miwili. Sehemu ya fidia itengeni kwa bima na nauli, msiimalizie yote kwenye matofali.

Na wapangaji wenu je? Fidia ya nyumba ni ya mwenye nyumba. Mpangaji mara nyingi huishia bonde jingine, watoto wake wakiharisha vilevile. Waambieni mapema, na kodi waliyolipa mbele mwarudishie.