Kiwewe, usingizi uliogeuka na hatari ya kujiua

Mleta mada, umeuliza kama kaka yako mwenye msongo wa baada ya kiwewe (hofu inayobaki baada ya tukio la kutisha), anayekesha usiku na kulala mchana, ni wa kumhofia au ataizoea tu hali hiyo. Ni wa kumhofia. Majinamizi na kukosa usingizi huongeza hatari ya kujiua hata kwa mtu asiye na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Saa ya mwili, iliyo ndani ya ubongo, kwa wastani huzunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24, hivyo mwanga wa asubuhi huirekebisha kila siku. Anayeogopa ndoto huahirisha kulala, huamka adhuhuri, mwanga ule unampita, na kesho yake saa inachelewa zaidi. Mwisho wake yuko macho saa nane usiku: sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia papara, imechoka, na nyumba nzima imelala. Ukilinganisha na idadi ya watu walio macho, kujiua hutokea zaidi saa hizo kuliko mchana.

Kwa hiyo usiku ulindwe kwanza. Muulize waziwazi, "Unawaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Dawa zote, sumu na silaha zitunzwe na mtu mwingine, mahali asipopafikia. Mkubaliane mapema majina mawili ya kuwapigia hata usiku wa manane, na wenyewe wajue.

Kisha saa ya kuamka, ambayo wengi huiruka wakakimbilia kumlaza mapema. Ataishia kugaagaa tu na kukichukia kitanda. Aamke saa ileile kila siku, Jumapili pia, akae nje nusu saa. Kahawa iishie adhuhuri, maana saa tano hivi tangu uinywe, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Pombe humlaza haraka, halafu hukatakata usingizi wa alfajiri, na ndoto hurudi kwa nguvu.

Kwa jinamizi, mtaalamu humfundisha kuiandika ndoto, kuibadilisha anavyotaka, na kuipitia ile mpya akilini dakika 10 hadi 20 kila siku, mchana. Vidonge vya usingizi vya kuazima hapana kabisa.

Akilala kwa muda wa saa mbili au tatu tu na bado ana nguvu za ajabu, daktari amwone kabla ya kubadilisha ratiba. Akisema ana mpango wa kujiua, asiachwe peke yake. Hospitali usiku huohuo, msingoje siku ya kliniki.