Maswali na Majibu: Tenki Lenye Kutu

Datsun 1200 yangu inazimika njiani. Mwezi huu nimeshabadilisha filta tatu. Filta gani ni nzuri?

Zote tatu zilikuwa nzuri, zilikuwa zinakula kutu. Shusha tenki.

Land Rover Series III ya babu imekaa uani miaka 9. Fundi anasema nimwage gundi ya tenki ndani, itafunika kutu.

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Gundi hushika chuma, haishiki magamba ya kutu. Itabanduka kama utando wa maziwa, na vipande vyake vitaziba bomba la kufyonzea. Kuitoa humo ni kazi kuliko kutu yenyewe.

Mwaga petroli yote, toa geji, osha kwa maji moto na sabuni. Tumbukiza kipande kimoja cha mnyororo mwembamba, ziba matundu, mtikise watu wawili kwa zamu. Mnyororo, si bolti kumi. Moja ikinasa nyuma ya kuta za ndani, utaisikia ikigonga kila kona. Maji ya kwanza yatatoka kama chai ya rangi iliyokolea. Kisha jaza maji yenye ndimu ya unga, gramu 50 hadi 100 kwa lita, ulaze usiku kucha. Mulika tochi: unatafuta kijivu, si kahawia.

Punguza ukali kwa maji ya magadi, suuza. Hapo ndipo wengi huharibu, wanakwenda kunywa chai. Chuma kitupu kikiwa kibichi huota kutu ya rangi ya chungwa ndani ya dakika chache. Suuza papo hapo kwa spiriti ifukuze maji, kausha kwa upepo wa kompresa, nje, mbali na moto. Likikauka kabisa, tia gundi ya epoksi, geuza tenki kila upande, mwaga iliyozidi, ngoja siku zilizoandikwa kwenye kopo. Siku, si saa.

Tena, tenki lisilovuja mimi silitii gundi kabisa. Wauza gundi wataninunia.

Naweza kutumia asidi ya betri?

Kama una macho ya akiba.

Welda kasema tenki likishaoshwa kwa sabuni linachomeleka. Tundu ni kama la sindano.

Mwambie hapana, leo hii. Kinacholipuka ni mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa, ndiyo maana tenki "tupu" linatisha kuliko lililojaa. Mvuke hujificha kwenye mikunjo na chini ya kutu, ukipata joto hutoka. Tundu la sindano huzibwa kwa epoksi bila cheche yoyote, na grenda nayo ni cheche. Tundu kubwa, tafuta tenki jingine.

Beetle yangu niliitia gundi vizuri, lakini ikitembea dakika 15 inazima. Nikifungua kifuniko cha tenki nasikia "fsss", kisha inawaka.

Umejijibu mwenyewe. Gundi imeziba njia ya kupumulia. Pampu inavuta, hewa haiingii. Shusha tenki, limwage, zibua kwa waya. Siku nyingine puliza kila kibomba kabla gundi haijakaza. Na kwa kuwa tenki la Beetle liko mbele, chini ya boneti, harufu ya petroli ndani ya gari usiizoee. Badilisha mipira ya mafuta ukiwa umeshalishusha.

Gari likikaa miezi bila kutembea, tenki lijazwe au liachwe tupu?

Lijaze. Nafasi iliyobaki wazi huvuta unyevu wa usiku, na ninyi wa Tanga na Mombasa mnaujua.