Maswali na Majibu: Doa la Kanzu, Zege, na Mtungi Unaotoka Jasho

Maswali ya safari hii yanatoka kila upande, lakini karibu yote yanauliza jambo moja: kitu kimebadilika, sasa ni kilekile kwa sura nyingine au ni kitu kipya?

Mwanangu wa darasa la sita kaandika kwamba badiliko la kiumbo hurudi na la kikemikali halirudi. Mwalimu wake kampa vema. Mimi nikavunja kikombe mbele yake nikamwambia, "Haya, kirudishe." Nani yuko sahihi? (Baba, Morogoro)

Wewe, ingawa umepata hasara ya kikombe. Kanuni hiyo ya kurudi na kutorudi ni njia ya mkato, na njia za mkato zina mashimo. Kikombe hakirudi, lakini kila kigae ni udongo uleule uliochomwa. Mahindi yakishasagwa hayarudi kuwa punje, na bado ni mahindi. Cha kujiuliza ni kama kimezaliwa kitu ambacho hakikuwapo: kikizaliwa, badiliko ni la kikemikali; kisipozaliwa, ni la kiumbo tu. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji huioni tena, ila onja: ni chumvi tu, na wavuna chumvi wa Bagamoyo wanaiachia jua wakaipata tena kavu. Kutu ni habari nyingine. Ule unga mwekundu unaokwangua kwenye msumari ni chuma kilichoshikana na oksijeni ya hewani, na ndiyo maana msumari wenye kutu huwa mzito kuliko ulivyotoka dukani, mradi kutu isipukutike.

Mwanao asifute jibu lake bado. Asome kwanza swali linalofuata.

Assalaam alaykum Mwalimu. Mume wangu kajimwagia mchuzi kwenye kanzu nyeupe. Nilipopaka sabuni ya mche, doa la njano likageuka jekundu kama damu. Sabuni mbovu? (Mama, Unguja)

Waalaykumu salaam, mama. Sabuni haina kosa. Kwenye manjano, ambayo sisi wa bara tunaiita binzari, mna rangi iitwayo kukumini. Rangi hiyo ikiwa kwenye asidi hukaa njano. Ikikutana na besi kama magadi au sabuni ya mche, molekuli zake hunyang'anywa hidrojeni, na molekuli iliyonyang'anywa hivyo hutupa rangi nyekundu. Kamulia ndimu, hidrojeni inarejeshwa, na njano inarudi.

Jana usiku nilijaribu kwa kitambaa cha jikoni. Sabuni: nyekundu. Ndimu: njano. Magadi: nyekundu tena. Nikaenda hivyo mara tano, mpaka mke wangu akaniuliza ndimu zake nitamlipa lini. Baba wa Morogoro, hilo hapo ni badiliko la kikemikali, na linarudi kila ukitaka.

Sasa kanzu. Ioshe, isuuze sana mpaka wekundu uishe, halafu ianike ikiwa bado mbichi kwenye jua kali, upande wa doa ukiangalia juu. Mwanga wa jua huivunja kukumini vipande visivyo na rangi, na safari hiyo haina marejeo. Siku moja isipotosha, rudia.

Mafuta ya nazi niliyonunua Tanga yalikuwa maji kabisa. Nimefika nayo Njombe yameganda kama samli. Nimeuziwa ya kuchanganya? (Njombe)

Hapana. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Njombe ya mwezi wa sita haifiki huko hata mchana. Weka chupa kwenye maji ya moto uone. Badiliko la kiumbo tupu.

Mwalimu, mimi ni fundi. Tajiri wangu hataki nimwagie zege maji, eti nalichelewesha kukauka. Nimweleze vipi? (Fundi, Mbagala)

Mwambie zege halikauki. Nguo hukauka, maana maji yanaondoka nguo inabaki ilivyokuwa. Simenti inayala maji. Madini ya kalsiamu yaliyomo ndani yake huungana na maji kutengeneza vitu vipya, vingine vidogo kama sindano, vinavyosokotana na kung'ang'ania mchanga na kokoto. Ndiyo sababu nguzo za daraja hukaza zikiwa ndani ya bahari, mahali ambapo hakuna cha kukauka. Ukitaka ushahidi, mpeleke tajiri jioni ya siku mliyomwaga jamvi nene, aweke kiganja juu yake. Atakuta vuguvugu hata jua likiwa limeshazama. Joto hilo ni la simenti yenyewe ikiwa kazini.

Jua la Dar likiyavuta maji kabla simenti haijashiba, kazi inakatika njiani. Utaona sakafu inatoa vumbi kila ikifagiliwa na nyufa zinatambaa kama mishipa. Kwa hiyo funika magunia, mwagilia asubuhi na jioni, si chini ya siku 7. Wahandisi wenyewe hupima nguvu ya zege kwa kuvunja vipande vya majaribio siku ya 28. Ni simenti ya ukoo uleule ambao fundi uashi Joseph Aspdin aliuandikia hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, Uingereza mwaka 1824, na tangu hapo haijaacha kudai maji.

Zamani tukichoma matumbawe kupata chokaa. Chokaa ile ukiimwagia maji huchemka bila moto. Moto unatoka wapi? (Mzee, Kilwa)

Shikamoo mzee wangu. Moto ni uleule wa magogo yenu.

Tumbawe ni mawe ya chokaa: kalsiamu, kaboni na oksijeni vimefungwa pamoja. Tanuri likifika nyuzi 900 hivi, hewa ya kaboni dayoksaidi inafukuzwa, na jiwe linapungua uzito bila kupungua sana umbo. Kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56, zilizosalia zimepaa. Nadhani hilo mlilijua wakati wa kubeba. Hiyo iliyobaki ni chokaa hai, na imeweka ndani yake sehemu ya joto la tanuri kama mtu aliyekopa. Ukiimwagia maji inalilipa kwa mkupuo: inatokota, inapasuka, inavimba kuwa unga mweupe. Macho yakae mbali, inaunguza vibaya.

Halafu kinafuata kinachonifurahisha kuliko vyote. Chokaa ikishapakwa ukutani huanza kuinyonya tena ile kaboni dayoksaidi kutoka hewani, polepole, kwa miaka, mpaka inakuwa jiwe lilelile la mwanzo. Kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani zimeshikwa na jiwe lililoondoka na kurudi. Ndiyo maana huwa naumia nikipita Mji Mkongwe nikaona ukuta wa chokaa umevikwa plasta ya simenti. Chokaa hupumua, simenti hubana. Unyevu unafungiwa ndani, na baada ya misimu michache plasta inadondoka kwa mapande.

Mtungi wangu wa gesi hutoka jasho nikipika maharage. Unavuja? (Dada, Mwanza)

Hauvuji, dada. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika. Ukiwasha jiko muda mrefu kimiminika hicho hugeuka mvuke, na ili kigeuke kinahitaji joto, nalo hulipora kwenye chuma cha mtungi. Chuma kinapoa, unyevu wa hewani unageuka matone juu yake. Mara nyingi jasho huishia pale kimiminika kilipoishia, kwa hiyo limekupa kipimo cha bure. Yote hayo ni ya kiumbo. Kemia inaanzia kwenye mwali. Kuvuja utakujua kwa harufu, ambayo imetiwa makusudi kwa kuwa gesi yenyewe hainuki. Na usiulaze mtungi kukamua ya mwisho: kimiminika kikiingia kwenye mpira, mwali unaweza kulipuka usoni.

Nikichanganya jiki na asidi ya kusafishia choo, choo kitang'aa zaidi? (Arusha)

Usithubutu. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Siki pia usiitie. Ukishafanya kosa hilo, toka nje kwanza, acha mlango wazi.

Shikamoo Mwalimu. Ugali ni badiliko gani? Tumegombana darasani. (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Hata wakubwa wanagombana. Punje za wanga zikipata maji ya moto hunywa, huvimba na kupasuka, na ndiyo uzito unaouhisi kwenye mwiko. Wanga wenyewe kwa sehemu kubwa unabaki wanga, kwa hiyo mimi naegemea kiumbo, ila kwenye mtihani andika alivyofundisha mwalimu wako. Ukoko hauna ubishi: ule ni wa kikemikali, rangi na harufu yake vimezaliwa sufuriani. Ukitaka kemia ya ugali mweupe, chukua tonge bila mboga, litafune dakika nzima usimeze. Litaanza kuwa tamu, kwa sababu mate yako yanaukata wanga kuwa sukari.