Fundi, kile kiredio ulikisifia au ulikiponda?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi na mdogo wangu tumebishana wiki nzima juu ya kile kicheza muziki kidogo cha memori kadi ulichokiandikia toleo lililopita, kinachouzwa shilingi 45,000. Uliandika hivi: "Kwa bei yake, sauti haina ubaya. Betri ilinitoa Dar es Salaam mpaka Tanga na chaji ikabaki. Kitufe cha kuwashia ni kigumu, kioo ni kidogo, na nyimbo hazijipangi zenyewe. Kwa anayetaka kusikiliza muziki tu, kinatosha." Mdogo wangu anasema umekisifia, na hela ya kununulia anayo mkononi. Mimi nasema umekiponda kwa adabu. Nimehesabu kasoro tatu na sifa mbili tu. Halafu mtu akila pilau yangu akasema "haina ubaya, inatosha", najua hajaipenda. Tunataka kumnunulia mama. Ana miaka 71, simu janja hazitaki, anataka kusikiliza Kurani baada ya swala ya alfajiri. Nani kati yetu amekuelewa? Dada Mkubwa, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mdogo wako ndiye aliyenielewa: nilikisifia. Lakini mwambie hela aishike kwanza.

Nianze na pilau yako. Mezani, "haina ubaya" ni maneno ya mgeni anayemstahi mwenyeji wake. Kwenye benchi la fundi neno hilo lina kazi nyingine. Maana yake nimeitafuta kasoro nikaikosa. Nilichomeka hedifoni zangu mwenyewe, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikaweka taarabu yenye fidla nyingi, maana fidla ndiyo inayoumbua spika mbovu. Haikukwaruza. Kitu chenyewe nilikinunua kwa hela yangu, na hata sasa ninapokuandikia kimo mfukoni mwa shati.

Na kasoro huwa sizihesabu kama kura. Walkman ya Sony, kile kicheza kaseti cha kutembea nacho, ilipoingia madukani Japani Julai 1979 ilikuwa haiwezi kurekodi, na watu waliozoea kaseti rekoda waliliona hilo kuwa pengo kubwa. Ni kweli, pengo lilikuwepo. Ila wanunuzi walikuwa wanataka kutembea na muziki wao masikioni, habari ya kurekodi haikuwahusu. Zile 30,000 za mwanzo ziliisha kabla Agosti haijakwisha. Kasoro moja inayomgusa anayetumia ni nzito kuliko kumi zisizomgusa.

Hapo ndipo napata wasiwasi na mama yenu.

Niliposema "nyimbo hazijipangi zenyewe" nilipita haraka, kwa sababu mimi halinisumbui. Nina nyimbo kama 60, ikianza yoyote nafurahi. Vicheza muziki vya bei hii vingi havisomi jina la faili wala namba yake. Vinapiga kwa mpangilio ambao mafaili yaliingia kwenye kadi. Barua yako ilipofika nikafanya nilichotakiwa kufanya mwezi uliopita: nikachukua sura zote 114, nikazimwaga kwenye kadi kwa mkupuo, nikawasha. Ikaanza Al-Fatiha vizuri. Baada yake ikaja Yasin, kisha Al-Mulk. Nikamfikiria mama amekaa kwenye mkeka anangoja Al-Baqara, nikaona aibu kwa ile sentensi yangu.

Kuna la pili, na hili sikuliandika kabisa. Ukikizima, kikiwashwa tena kinaanza faili lile kutoka mwanzo. Kwa wimbo wa dakika tano si neno. Al-Baqara ina aya 286, hata kwa msomaji wa mwendo wa kawaida inakaribia saa mbili au inazipita. Mama akizima katikati ili akanywe chai, anarudi aya ya kwanza.

Apple walipoitangaza iPod ya kwanza, kicheza muziki chao cha mfukoni, Oktoba 2001, iliweza kubeba nyimbo 1,000, iliuzwa dola 399, na ilikubali kompyuta za Mac peke yake, yaani zile za Apple wenyewe. Mwenye Mac na mwenye Windows wangesoma maelezo hayo hayo, mmoja akaenda dukani, mwingine akaweka karatasi chini. Mwenye Windows alitengenezewa ya kwake mwaka uliofuata. Mimi niliandika nikiwa nafikiria mtu wa muziki kwenye basi, na sikumfikiria mama wa miaka 71 alfajiri. Kwa hiyo kwa mama, wasiwasi wako ulikuwa wa haki.

Kama bado mnakitaka, fanyeni hivi. Futeni kadi yote kwanza. Tafuteni kisomo kilichokatwa vipande vifupi vifupi, msichukue sura nzima nzima, ili akizima asipoteze zaidi ya dakika chache. Yapeni mafaili namba kuanzia 001, kisha yanakilini moja moja kwa kufuata namba, hata kama itawachukua jioni nzima. Msiyachague yote pamoja.

Kuhusu kitufe, mpelekeni mama mwenyewe dukani akibonye kwa kidole chake. Kidole changu kimeshika bisibisi miaka 30, hakiwezi kumsemea. Akilazimika kutumia mikono miwili, kiacheni hapo hapo kaunta, mtafute kingine chenye kitufe kikubwa cha kusukuma upande.

Na mkikwama kwenye kupanga sura, itumeni kadi kwa basi kupitia ofisi ya gazeti. Nitaipanga mimi bila malipo na kuirudisha. Msalimieni mama.