Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya bei nafuu vya kupigia picha za mwezi

SWALI: Ndugu Mhariri, kila mwezi unapokuwa mpevu ninajaribu kuupiga picha kwa simu, lakini ninachopata ni doa jeupe lisilo na alama yoyote. Nimeshauriwa ninunue kamera mpya ya kisasa, ambayo siimudu. Je, kuna njia nafuu zaidi, au nianze na darubini?

JIBU: Ndugu msomaji, huhitaji kamera mpya. Mwezi ni mwamba unaomulikwa na Jua moja kwa moja, kwa hiyo, ingawa tunautazama usiku, mwanga wake ni wa mchana. Lenzi zenye tundu pana la kupitishia mwanga, ambazo ndizo huuzwa ghali, hazina faida kubwa hapa, kwa kuwa mwezi mpevu hutoka vizuri kwa tundu jembamba la f/11, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya 100 na shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ya 1/125 ya sekunde. Doa lako jeupe linatokana na simu kupima giza la anga na kuruhusu mwanga mwingi kupita kiasi. Gusa mwezi kwenye kioo cha simu, kisha upunguze mwanga mpaka madoa yake yaonekane.

Hata hivyo mwezi utabaki mdogo pichani, kwa sababu kinachokosekana ni urefu wa fokasi, yaani kipimo cha milimita kinachoonyesha lenzi inavuta kiasi gani. Taswira ya mwezi ndani ya kamera huwa na kipenyo cha takriban sehemu moja ya 110 ya urefu huo, hivyo lenzi ya milimita 55 huuchora kwa nusu milimita tu, ilhali ya milimita 300 huuchora kwa karibu milimita 2.7. Katika kamera yenye kihisi cha ukubwa wa APS-C, wa kati, na megapikseli 24, hizo ni pikseli (nukta za picha) 700 hivi kwa upana, zinazotosha kuonyesha miale ya kreta (shimo kubwa la mwezini) iitwayo Tycho na Bahari ya Utulivu, tambarare jeusi la mwezini ambako chombo cha Apollo 11 kilitua mwaka 1969. Ningekushauri basi utafute kamera iliyokwisha kutumika, ya aina inayobadilishwa lenzi, pamoja na lenzi ya kawaida ya kuvuta inayofika milimita 300. Kabla ya kulipa, mulika tochi upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache.

Pesa utakazookoa zipeleke kwenye stendi ya miguu mitatu iliyo imara, kwani hapo ndipo wengi hubana matumizi wakajuta. Kwa lenzi ndefu, kidole kinachobonyeza kitufe kinatosha kuitikisa picha, kwa hiyo tumia kipima muda cha kamera cha sekunde 2 au 10. Fokasi irekebishe kwa mkono huku umeikuza taswira kwenye skrini, mpaka kingo za kreta zikate vizuri. Mota ya kuufuata mwezi haihitajiki, maana shata ya haraka hivyo haiupi nafasi ya kusogea.

Darubini ninaipendekeza iwapo unapenda pia kutazama kwa macho. Ya kioo cha milimita 130, ikiwa na kishikio cha kuifunga simu kwenye lenzi ya kuchungulia, hutoa picha nzuri mno. Usivutwe na boksi linalotangaza ukuzaji wa mara 500, kwa sababu kikomo chenye manufaa ni karibu mara mbili ya kipenyo cha darubini kwa milimita, yaani mara 120 kwa ile ya milimita 60.

Jambo moja zaidi, nalo halina gharama: usingoje mwezi mpevu. Wakati huo Jua huupiga usoni na vivuli hutoweka. Uupige ukiwa nusu, ungali juu angani, ukiongeza ISO hadi 400 na kupunguza kasi ya shata kidogo, kwani mwanga wake huwa karibu sehemu ya kumi tu ya ule wa mpevu. Kwenye mstari unaotenga nuru na giza utaona vilele vya milima vikiwaka kama nukta, huku miguu yake ingali gizani.